Ua halisemi

Nikifundisha wawakilishi wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Naivasha, Kenya, huanza kwa kuweka mashada mawili ya waridi mezani. Urefu sawa, rangi sawa. Nauliza: lipi limekatwa na mtu mwenye mkataba na glavu, na lipi limekatwa na kibarua anayeitwa leo na kuachwa kesho? Wanayageuza, wanayanusa. Juzi mama mmoja wa kitengo cha kukata alicheka, akasema, "Mwalimu, ua halisemi."

Ni kweli, na hata mpakani haliulizwi. Tangu GATT, mkataba wa biashara kati ya nchi wa 1947, biashara ya dunia inaongozwa na wazo kwamba bidhaa zinazofanana zitendewe sawa. Zilivyotengenezwa ni habari nyingine. Ibara yake ya 20 imeacha milango michache: kulinda uhai na afya, kulinda maliasili zinazoweza kwisha, hata kuzuia bidhaa za kazi ya wafungwa. Kibarua ambaye si mfungwa hakutajwa. Nikifika hapo, darasa zima huguna.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowakutanisha watu wa miti na watu wa mishahara, yaani watetezi wa mazingira na vyama vya wafanyakazi. Marekani ilikuwa imekataa kamba wa baharini waliovuliwa kwa nyavu zisizo na tundu la kumwachia kasa atoke. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaishtaki mbele ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, na Oktoba 1998 Marekani ikashindwa. Jopo la rufaa halikusema ni kosa kulinda kasa. Lilisema sheria ilitumiwa kwa ubaguzi, maana nchi za Karibi zilipewa muda mrefu zaidi wa kujiandaa. Lakini nani husoma hukumu hadi mwisho? Tarehe 30 Novemba 1999, mkutano wa WTO ulipoanza Seattle, Marekani, watu waliojivika magamba ya kasa waliandamana pamoja na madereva wa malori na mafundi wa vyuma.

Picha hiyo huonyeshwa kama mapenzi ya ghafla. Mimi napenda zaidi kilichotangulia. Kampuni ya Maxxam ilikuwa na kampuni ya alumini, Kaiser, iliyowafungia nje wafanyakazi wake baada ya mgomo, na pia Pacific Lumber, iliyokata misitu ya miti mikongwe California. Wenye mgomo na wenye kukumbatia miti waligundua wanalia mlango mmoja. Urafiki ulifuata baadaye.

Sisi huku hatuwezi kuiga Seattle hivihivi. Serikali nyingi za Afrika na Asia zilikataa masharti ya kazi ndani ya WTO, zikihofu yangegeuzwa ukuta wa kuzuia bidhaa zetu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Oktoba 2014, maua yetu yalipotozwa ushuru Ulaya kwa karibu miezi mitatu, aliyekosa usingizi Naivasha alikuwa mkataji. Mkataba wetu na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika Julai 2024, una sehemu ya kazi na mazingira. Sehemu hiyo ni karatasi tu mpaka mtu wa hapa aishike mkononi.

Ndiyo maana mara ya mwisho nilimwalika mvuvi wa Ziwa Naivasha. Dakika kumi za kwanza zilikuwa vita. "Dawa zenu zinatumalizia samaki," alisema. Yule mama akamjibu, "Na hao samaki wako hununuliwa kwa mshahara wa nani, kaka?" Kisha akakunja mkono wa sweta, akamwonyesha vipele hadi kwenye kiwiko: huingizwa kukata kabla dawa haijakauka kwenye majani.

Mvuvi akanyamaza kidogo. "Inaitwaje hiyo dawa?"

Mama hakujua. Huletwa ikiwa imeshachanganywa.

Sikuendelea na somo langu. Wale wawili walikuwa wameinamia kalamu moja, wakiandika barua ya kuomba kuona daftari la unyunyiziaji.