Kavitesheni si kuvuta upepo

Juzi nilikuwa gatini Lamu, jua la saa saba, nikamsikia tena. Fundi kijana ameinamia mashine ya nguvu za farasi 40 iliyofungwa nyuma ya boti ya faiba, anamwambia mwenye boti, mzee wa Shela: "Ami, hii inafanya kavitesheni. Tuiteremshe tundu moja." Mzee akamtazama kidogo. "Mimi naona yavuta upepo tu." Fundi akacheka kile kicheko cha mtu mwenye cheti nyumbani. Boti si yangu, nikanyamaza. Lakini aliyesema sawa pale ni mzee.

Kwanza niseme kinachozungumzwa, kwa haraka. Kimo cha mashine ni nafasi ya lile bamba pana lililo juu tu ya propela (rafadha, kama vitabu vinavyoiita) ukilinganisha na chini ya chombo. Pandisha boti nchi kavu, shusha mashine yote, kisha chukua ubao ulionyooka, uubane chini ya boti sambamba na mkuku (uti wa chini wa chombo), uchomoze nyuma ya tezi, yaani nyuma ya chombo, hadi kwenye mashine. Pima kwa futi kutoka ubao hadi bamba. Kwa boti nyingi ndogo unaanza na bamba likiwa sawa na ubao, au juu yake kwa kiasi cha inchi moja, kisha unakwenda kujaribu baharini ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Ikiwa chini mno, mguu wa mashine unakokota maji, mafuta yanaisha, maji yanaruka hadi kwenye tezi. Ikiwa juu mno, propela inafikiwa na hewa. Hayo tu.

Na tafadhali, kimo si urefu wa mguu. Mashine huja na mguu wa inchi 15, 20 au 25 kufuatana na urefu wa ubao wa tezi. Huo unachagua dukani. Kimo unakiweka mwenyewe, tundu kwa tundu za boliti zinazoifunga mashine kwenye tezi, kwa spana.

Sasa turudi kwenye neno.

Kavitesheni limetokana na neno la Kilatini cavus, yaani kilicho wazi ndani, chenye uvungu. Lilianza kutumika kwa propela Uingereza katika miaka ya 1890, manowari mpya zilipopewa injini zenye nguvu kuliko propela zilivyoweza kuhimili. Kinachotokea ni hiki: panga la propela likikata maji kwa kasi, mgongo wake unavuta maji kiasi cha kuyapunguzia kani, yaani mkandamizo. Maji yakipungukiwa na kani huchemka bila ya moto. Wanaopanda Mlima Kenya wanalijua jambo hili kwa birika: kule juu chai inachemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa sababu hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi. Mgongoni mwa panga la propela kani inaweza kushuka mara nyingi kuliko hapo, hadi maji ya bahari yakachemka yakiwa na joto lake la kawaida, lile lile unalooga nalo. Vinatokea vipovu. Ndani ya vipovu hivyo hamna hewa. Ni mvuke wa maji. Vikitoka mahali penye kani ndogo vikaingia penye kani kubwa, vinapasuka kwa ndani, na kila kimoja kinapiga chuma kama nyundo ndogo. Panga linadonoka, linabaki na vishimo kama chuma kilicholiwa na mchwa.

Mhandisi Charles Parsons aliliona hilo kwa gharama. Chombo chake Turbinia kilishushwa majini mwaka 1894, kikiwa na tabo ya mvuke (injini inayozungushwa na mvuke) na propela moja, na kasi ikakataa kufika noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa. Nguvu ilikuwapo, propela ilikuwa ikizunguka ndani ya mvuke wake yenyewe. Akatengeneza tangi dogo lenye dirisha ili avione vipovu kwa macho. Mwishowe akaweka shafti tatu, kila moja na propela tatu, na mwaka 1897 Turbinia ikapita mbele ya manowari za Uingereza kwa noti 34 na zaidi. Chombo hicho kilikuwa na nguvu kama farasi elfu mbili. Sisi tuna 15, tuna 40, na neno lile lile.

Upande wa pili kuna ventilesheni. Hili nalo ni la Kilatini, ventus, na ventus ni upepo. Propela ikiwa karibu mno na uso wa maji, au boti ikikata kona kali, hewa ya juu inavutwa chini hadi kwenye mapanga. Moshi wa mashine wenyewe, ambao kwa nyingi ya hizi unatokea kwenye kitovu cha propela, nao unaweza kurudi ukaingia mapangani. Propela iliyokuwa ikisukuma maji inajikuta inasukuma povu. Mashine inalia juu ghafla, boti inalegea, ukipunguza moto wa mashine inashika tena. Kwa hiyo mzee wa Shela aliposema "yavuta upepo" hakuwa anakwepa neno la kitaalamu. Alilisema lenyewe, kwa Kiswahili, labda pasipo kujua kwamba Mrumi angemwelewa.

Fundi si wa kulaumiwa peke yake. Lile bamba la juu ya propela, ambalo kazi yake ni kuizuia hewa ya juu isishuke, limeandikwa kwenye vitabu vingi vya mashine kuwa ni la kuzuia kavitesheni. Halizuii. Bamba haliwezi kuyakataza maji kuchemka mgongoni mwa panga lililo chini yake. Ni bamba la kuzuia upepo, na kosa hilo limechapwa kwa wino mzuri miaka mingi kiasi kwamba ukilisahihisha unaonekana wewe ndiye huna kitabu.

Mtu ataniuliza: dawa si ile ile, teremsha tundu moja? Siku ile, ndiyo. Siku nyingine, hapana, na nina ushahidi wa mfukoni mwangu.

Kusi iliyopita mashine yangu ilianza kulia bila ya boti kwenda. Nikaambiwa kavitesheni. Tukateremsha tundu moja, ikalia. Tukateremsha la pili, sasa inalia na tezi inaoga maji kila ninapotoka Shela kwenye mawimbi ya mlangoni. Nikashauriwa ninunue propela mpya. Kabla ya kutoa pesa nikapiga mstari wa rangi mmoja kutoka kwenye nati ya shafti hadi kwenye kitovu cha propela, nikaenda hadi Manda na kurudi. Nilipoinua mashine, mstari ulikuwa vipande viwili, cha nati huku na cha kitovu kule. Bushi ya mpira iliyo ndani ya kitovu ilikuwa imeachia, shafti inazunguka peke yake. Hapakuwa na upepo wala mvuke. Tundu mbili za bure, na kazi ya kuzirudisha.

Ndiyo maana nalishikilia jina. Ukisema inavuta upepo, unaanza kutafuta upepo unaingilia wapi. Labda abiria wote wamekaa omo, yaani mbele, na tezi imenyanyuka; wahamishe wawili nyuma uone. Labda umepita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa yametoka, ukainua mashine nusu ili usigonge mchanga, na ukasahau kuishusha ulipofika kwenye kina. Hili la Mkanda nimeliona mara nyingi kuliko nilivyotaka, mara nyingine kwangu mwenyewe. Labda mkuku umekatwa mraba mwishoni na unatupa povu moja kwa moja kwenye propela. Chonga ncha yake iwe nyembamba. Ukishamaliza hayo yote ndipo ushike spana.

Ukisema kavitesheni, unachotafuta ni panga. Lipapase kwa kidole ukingoni, hasa upande wa mbele. Propela zetu zinagonga mchanga na matumbawe kila bamvua (siku za maji kujaa na kutoka sana), na ukingo uliopinda au kung'oka kidogo unayachafua maji yapitayo, kavitesheni ikaanzia hapo hapo nyuma ya jeraha. Panga la namna hiyo halina haja ya kuteremshwa tundu hata nusu. Lina haja ya kunyooshwa, kujazwa na kusawazishwa. Wala usiite kila kishimo kavitesheni. Mchanga nao unakula, ila unasugua na kulainisha ukingo, wakati kavitesheni inadonoa mahali pamoja na kuacha vishimo vilivyokaribiana.

Na hata ukiipandisha mashine kwa haki, angalia inavyokojoa. Yale maji membamba yanayotoka ubavuni ndiyo yanayokwambia tundu za kuingizia maji ya kupoza bado ziko chini ya bahari. Yakikatika ukiwa kwenye mwendo, umepandisha kupita kiasi, hata kama kasi imekupendeza.

Basi, fundi wangu wa gatini, dawa yako ya juzi ilikuwa sawa na sikuja kukuaibisha mbele ya ami yako. Ila mara nyingine boti ikilia kwenye kona na kutulia ukipunguza moto, mwambie mwenyewe inavuta upepo. Atakuelewa kabla hujamaliza. Na ukitaka kusema kavitesheni, sema, lakini inua mashine kwanza unionyeshe panga.