Mistari ya Wi-Fi kujaa si ushahidi kwamba intaneti ipo

"Fundi, Wi-Fi imejaa, mistari yote ipo, lakini hakuna kinachofunguka. Nimeshabonyeza riseti mara tatu." Simu ya namna hii naipokea mara nyingi mno, na nikisikia maneno ya mwisho huishiwa nguvu. Tatizo lililokuwa la dakika kumi sasa ni la nusu siku.

Chanzo chake ni dhana moja: kwamba Wi-Fi ndiyo intaneti. Siyo. Mistari inayoonekana juu ya kioo cha simu hupima nguvu ya mawimbi ya ruta yanapofika kwenye simu, basi. Chomoa waya unaoleta intaneti, uiache ruta ina umeme tu, na mistari itabaki imejaa vilevile. Simu itapata hata anwani ya IP, kwa sababu zile anwani zinazoanza na 192.168 hugawiwa na ruta yenyewe kwa DHCP (utaratibu wa kuvipa vifaa anwani), bila kumuuliza mtu wa nje. Intaneti huingilia mlango mwingine, yaani upande wa WAN, na upande huo una mipangilio yake isiyohusiana na jina la Wi-Fi wala nenosiri lake. Ndiyo maana kubadilisha nenosiri la Wi-Fi hakujawahi kurudisha intaneti iliyokatika, na bado watu hulibadilisha.

Kabla ya kugusa chochote, fungua ukurasa wa ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na anwani kamili imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Tafuta hali ya WAN. Ukikuta 0.0.0.0, ruta haijaunganishwa na mtoa huduma, na hapo Wi-Fi haina kosa lolote. Kama laini ni ya faiba, angalia taa ya LOS: ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Huenda waya umekunjwa kupita kiasi, umekatika, au kichwa chake kimeingia uchafu. Hakuna mpangilio utakaoponya waya uliokatika. Ukikuta WAN ina anwani nzuri lakini tovuti hazifunguki, jaribu kuping 8.8.8.8, yaani kuitumia anwani hiyo ya Google ujumbe mfupi wa majaribio. Ikijibu, njia ni nzima na anayekwama ni DNS, mtafsiri wa majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Wi-Fi au mtandao wa ndani utaushuku pale kompyuta inapojipa anwani inayoanza na 169.254, kwa kuwa maana yake ni kwamba imeomba anwani kwa ruta na haikujibiwa.

Sasa riseti. Wengi wanaamini ni sawa na kuzima na kuwasha. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu, na mara nyingi kunasaidia kweli. Kubonyeza kile kitundu kwa pini kwa sekunde kumi kunarudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Kama laini yako ni ya PPPoE, yaani ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri, basi jina la mtumiaji na nenosiri ulilopewa na mtoa huduma vimeondoka. Namba ya VLAN (inayotenganisha huduma ndani ya laini moja), kama ilikuwepo, nayo imeondoka. Wi-Fi inarudi kwenye jina na nenosiri la kibandiko, kwa hiyo televisheni, printa na kamera zote zinapotea kwa pamoja. Wapo watoa huduma wanaoweza kurudisha mipangilio kutoka kwao kwa mbali, lakini usiweke dau kwa hilo usiku wa manane.

Ombi langu kwa kila mteja ni hili: siku ambayo intaneti inafanya kazi vizuri, piga picha ukurasa wa WAN. Aina ya muunganiko, VLAN, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data; kwenye PPPoE kwa kawaida ni 1492), vyote. Nenosiri la PPPoE hufichwa kwa vidoti, kwa hiyo mwombe mtoa huduma akupe, uliandike kwenye karatasi uihifadhi. Tena ile picha usiihifadhi kwenye akaunti inayohitaji intaneti kufunguka. Ruta nyingi pia zina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, itumie.

Dhana ya pili inayonichosha: "Nimeongeza kifurushi lakini chumba cha mwisho bado ni polepole." Kifurushi huongeza kasi ya kufika kwenye ruta. Kuta zako hazijui umelipia nini. Masafa ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini hupungua haraka yakipita ukutani, GHz 2.4 hufika mbali zaidi kwa kasi ndogo. Itoe ruta nyuma ya televisheni na ndani ya kabati, iweke juu na katikati ya nyumba. Na usiweke kirudishio cha mawimbi katika chumba ambacho mawimbi hayafiki, maana kitarudisha nini? Kikae katikati ya njia. Kinachotumia redio moja kupokea na kutuma hupunguza kasi karibu nusu, ndiyo maana mimi huvuta waya kila inapowezekana. Waya wenyewe uwe na jozi zote nne za nyaya ndogo ndani yake, kwa kuwa wenye jozi mbili hauvuki Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde).

"Nimeficha jina la Wi-Fi, hakuna wa kuiingia." Jina husikika hewani kila kifaa chako kinapojiunga, na programu ya bure hulinasa. Kuchuja anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) nako ni hivyohivyo: hutumwa wazi na huigwa kwa urahisi, na simu za siku hizi hutumia MAC ya kubuni, kwa hiyo utakayemfungia nje huenda ni mgeni wako. Weka ulinzi wa WPA2 au WPA3 na nenosiri refu, kisha zima WPS ya PIN, njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa namba badala ya nenosiri. PIN ile ina tarakimu 8, lakini hukaguliwa nusu kwa nusu na ya mwisho ni ya uhakiki tu, hivyo michanganyiko ya kujaribu ni 11,000 tu. Udhaifu huo umejulikana tangu 2011.

Kuhusu chaneli za GHz 2.4, kuchagua 3 au 8 kwa kuwa "haina mtu" kunakuingiza kwenye kelele za majirani wa pande zote mbili. Zilizoachana vya kutosha ni 1, 6 na 11.

Na anayelipia Mbps 40 akiona faili linashuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde, hajaibiwa. Baiti moja ni biti nane.