Mjamzito akichomwa chanjo ya flu, mwilini kunatokea nini?

Juzi kliniki hapa Ujiji mama mwenye mimba ya miezi saba, mdogo wake anaishi Afrika Kusini na huko kachomwa chanjo ya flu akiwa mjamzito, akaniuliza, "Dokta, si mnasema mimba inashusha kinga, sasa chanjo itamsaidia nini?" Nimeisoma kinga ya mwili miaka mingi na hili swali nalipenda sana.

Kinga haizimiki jamani, inajipanga upya tu ili isimshambulie mtoto ambaye nusu yake ni ya baba, ila kazi ya kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu, inaendelea kama kawaida. Chanjo wanayopewa wajawazito ni ya virusi vilivyouawa, haviwezi kuzaliana, na baada ya kama wiki mbili kingamwili za mama zinakuwa zimepanda vizuri. Kwa mama mwenye VVU kingamwili hazipandi sana kama za wengine, lakini utafiti wa Soweto, Afrika Kusini, ulionyesha hata yeye chanjo inamkinga.

Sasa utamu uko kwenye kondo la nyuma. Watu wanadhani ni chujio, kumbe lina vipokezi vinavyozishika kingamwili aina ya IgG na kuzivusha kwa nguvu kwenda kwa mtoto, hasa miezi ya mwisho, mpaka mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa anazo nyingi kuliko mama yake mwenyewe! Njiti anakosa sehemu kubwa ya huo mzigo. Na mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi flu, kwa hiyo hicho alichopewa na mama ndo silaha yake. Kule Mali, utafiti uliotoka 2016, watoto wa mama waliochanjwa walikingwa karibu 70% kwa miezi minne ya kwanza, halafu ikashuka haraka kwa sababu kingamwili za kupewa zinaisha, mtoto hatengenezi nyingine.

Kinachoniuma mimi ni malaria, maana Kigoma tunaijua. Vimelea wakijaza kondo, uvushaji wa kingamwili unaharibika, imeonekana kwa magonjwa kadhaa, yaani mama anaweza kuwa nazo tele na mtoto akapata kidogo. Huku kwetu ya flu haipo kwenye ratiba ya kliniki kama ya pepopunda, ila kondo ni lile lile na hata za pepopunda zinapita humo humo.

Nikamuuliza yule mama SP, vile vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, amemeza mara ngapi. Mara moja tu, miezi saba hiyo. Tukaanzia hapo.