Rekodi ya tiba mtandao: maana yake katika sheria za Kenya

Rekodi ya tiba mtandao ni kila kinachobaki baada ya daktari na mgonjwa kuonana kwa simu au video: maelezo ya daktari, picha ya upele iliyotumwa, maagizo ya dawa, idhini, hata ujumbe mfupi wa "daktari, homa imerudi". Wengi huhesabu maelezo ya daktari peke yake. Picha iliyosahaulika kwenye simu ya muuguzi nayo ni rekodi, ila haina mlinzi.

Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua tiba ya aina hii, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ikafuata 2023. Inayombana mtoa huduma kila siku, hata hivyo, ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo huhesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Kliniki yenye wafanyakazi 3 hudhani imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data kwa kuwa ni ndogo. Msamaha wa biashara ndogo hauwahusu wanaotibu wagonjwa.

Katika faili, andika siku hiyo hiyo: ulimtambuaje mgonjwa, yuko wapi (akizidiwa, ambulensi itaenda wapi?), mlizungumza kwa njia gani, alikubali nini, alilalamikia nini, ulishauri nini. Kisha andika usichoweza kukipima. "Tumbo halikuguswa, ushauri umetolewa kwa maelezo ya mgonjwa" ni sentensi fupi, na ndiyo inayokosekana mara nyingi. Simu ikikatika, andika saa na mlichokuwa hamjamaliza. Ukikosea usifute, ongeza sahihisho lenye tarehe na jina lako, la sivyo faili litaonekana limepikwa.

Idhini inastahili uangalifu zaidi, kwa sababu mzigo wa kuithibitisha uko kwa mtoa huduma. "Alisema sawa" haitoshi kama hakuna palipoandikwa. Na ikiwa programu unayotumia huhifadhi faili kwenye seva za nje ya nchi, sheria inataka idhini ya mgonjwa kwa hilo pia, pamoja na uhakika kwamba data iko salama huko.

Mgonjwa akiomba kuona rekodi yake, kanuni za 2021 za Sheria ya Kulinda Data zinakupa siku 7, bila malipo. Hapo ndipo kliniki zinazoendesha kila kitu kwa WhatsApp hukwama: nusu ya faili iko kwenye simu ya daktari aliyekwisha hama kazi.

Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mgonjwa, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ugundue. Kampuni inayokuhifadhia data ina saa 48 za kukuarifu wewe, kwa hiyo liandike hilo kwenye mkataba wake. Mgonjwa naye huarifiwa kwa maandishi, isipokuwa data ilikuwa imelindwa ipasavyo, kwa mfano kwa kusimbwa, yaani kugeuzwa isisomeke bila ufunguo. Simu iliyoibwa kwenye matatu ikiwa na picha za wagonjwa na haina hata nywila haimo katika nafuu hiyo.