Feni inavuma tangu usasishe BIOS: unayoambiwa na yaliyo kweli

Umekubali jioni sasisho la BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, laptopu ikajizima na kujiwasha yenyewe, na tangu hapo feni haitulii. Unafungua barua pepe tu, inavuma. Ukiuliza, majibu hayakosekani: piga window upya (yaani futa na usakinishe Windows tena), nunua feni nyingine, nani alikutuma usasishe. Mengi ya majibu hayo yanakula pesa yako bila kugusa tatizo, kwa sababu yanachukulia kelele na joto kuwa jambo moja. Ni mambo mawili. Feni inaweza kuvuma mashine ikiwa haina joto la kutisha, na mashine inaweza kuchemka feni ikiwa kimya. Ukishajua uko upande gani, nusu ya kazi imekwisha.

"Bosi, hii tupige window upya"

Huu ndio ushauri unaotolewa haraka kuliko wote, na ndio unaoumiza zaidi, maana mtu hupoteza mafaili yake bure.

BIOS haikai kwenye diski. Imo ndani ya chipu ndogo iliyochomelewa kwenye madabodi, na hata ukifomati diski kila wiki, chipu ile haiguswi. Karibu nayo kuna chipu nyingine, kidhibiti kidogo ambacho kazi yake ni kusimamia uchaji wa betri, kusoma kibodi, kusoma vihisi joto na kuamuru feni. Kinafanya kazi hata Windows ikiwa haijawaka. Sasisho la BIOS mara nyingi huja na programu ya kidhibiti hicho pia, na humo ndimo lilimo jedwali la feni: joto likifika nyuzi kadhaa, zunguka kwa kasi kadhaa, na usipunguze mpaka lishuke hadi nyuzi kadhaa. Mtengenezaji akibadilisha namba mbili tatu tu katika jedwali hilo, laptopu ileile, juu ya meza ileile, inaanza kuvuma kwa kazi ambayo jana iliifanya kimya. Hapo hata uweke Windows mpya mara ngapi, jedwali ni lilelile.

Ukitaka kuhakikisha bila kufuta chochote, tengeneza flashi ya Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, inayowaka bila kusakinishwa, washa mashine kwa hiyo, uiache robo saa bila kuigusa. Kelele ikiwa ileile, Windows haina kosa. Ikitulia kabisa, rudi kwenye Windows ukatafute huko.

Na huko mara nyingine kweli kuna jambo. Siku hizi masasisho ya BIOS huja kupitia Windows Update, pamoja na mengine ya Windows yenyewe. Baada ya hapo Windows hupanga upya faharasa ya mafaili, Defender, kinga yake dhidi ya virusi, hukagua diski, na draiva mpya huwekwa. Prosesa inafanya kazi usiyoiona. Iache mashine imechomekwa chaja, ikiwa macho, usiku mmoja. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, upange programu kwa matumizi ya prosesa. Ukiona feni inatulia kila ufunguapo Task Manager na kuanza tena ukiifunga, kuwa na wasiwasi: baadhi ya programu za wizi zinazochimba sarafu za kidijitali hujificha namna hiyo. Wengi huzipata kwenye zile programu za kufungulia Windows isiyo na leseni. Kwa hali hiyo pekee, kupiga window upya ni dawa halali, baada ya kuhifadhi kazi zako na kuacha kurudisha programu ileile iliyokuambukiza.

"Inavuma, kwa hiyo inachemka"

Pima kwanza. HWiNFO ni programu ya bure kwa Windows. Kwenye Linux kuna lm-sensors. Tazama mambo mawili kwa pamoja: joto la prosesa, na asilimia ya prosesa inayotumika. Funga programu zote, subiri dakika kumi, usome.

Joto likiwa kwenye nyuzi 45 au 55, prosesa iko chini ya asilimia 5, na feni inavuma kwa nguvu, mashine yako haichemki. Ni jedwali la feni limebadilika, au kuna mpangilio umegeuka.

Joto likiwa juu na prosesa nayo iko asilimia 40, 60 au zaidi ilhali hujafungua kitu, kuna programu inakula nguvu. Itafute kwa jina.

Joto likiwa nyuzi 80 na zaidi wakati prosesa imelala, sasa hilo ni tatizo la upoozaji: vumbi, dawa ya kijivu ya kupitisha joto juu ya prosesa iliyokauka, au feni isiyozunguka inavyotakiwa. Weka kiganja kwenye tundu la pembeni linalotoa hewa. Upepo wa moto unaotoka kwa nguvu unaonyesha joto linapata njia ya kutoka. Kibodi ya moto huku kwenye tundu panatoka kipumzi hafifu, tena cha uvuguvugu, maana yake njia imeziba.

Ukisoma namba hizo kumbuka na ulipo. Upoozaji wa feni hauwezi kushusha joto la prosesa chini ya joto la chumba, na kwa kazi ileile, chumba kikiongezeka nyuzi 10 prosesa nayo huongezeka karibu kiasi hicho. Laptopu ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari haiwezi kulinganishwa na picha ya skrini ya mtu aliyeko Iringa mwezi Julai. Kama ulisasisha wakati joto la msimu linaanza kupanda, usilibebeshe sasisho mzigo wote.

"Nyuzi 95! Sasisho limeiunguza"

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na nyingi za AMD Ryzen nyuzi 95. Zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima. Kufika nyuzi 90 kwa muda mfupi unapohariri video au kufungua programu nzito ni kawaida ya laptopu nyembamba. Kukaa hapo saa nzima ukisoma habari si kawaida.

Ila sasisho linaweza kweli kuongeza joto, na pia kulipunguza. Yote mawili yamewahi kutokea hadharani.

Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu wa prosesa za Intel uliopewa jina Plundervolt. Aliyekwisha kupata mamlaka ndani ya kompyuta aliweza kuchezea volteji ya prosesa na kuvuruga mahesabu yaliyopaswa kulindwa. Dawa ikaja kupitia masasisho ya BIOS yaliyoruhusu kufunga njia ya kubadilisha volteji. Sasa, kulikuwa na watu wengi waliokuwa wakishusha volteji kidogo kwa programu iitwayo ThrottleStop ili laptopu zisichemke, na walikuwa na hoja: umeme unaogeuka joto hufuata mraba wa volteji, kwa hiyo volteji ikishuka asilimia 10 kasi ikibaki ileile, joto linalozalishwa hupungua kwa karibu asilimia 19. Waliosasisha wakakuta njia imefungwa, na joto lao la zamani limerudi. Hakuna kilichoharibika, ile nafuu waliyojitengenezea ndiyo iliyoondolewa.

Upande wa pili, Julai 2018 MacBook Pro mpya zenye prosesa ya Core i9 zilikuwa zikipunguza kasi vibaya kwa sababu ya joto. Apple ikasema kulikuwa na ufunguo wa kidijitali uliokosekana kwenye programu dhibiti, na ukosefu huo ukavuruga mfumo wa kusimamia joto. Tarehe 24 mwezi huohuo ikatoa sasisho la kurekebisha. Hakuna feni iliyobadilishwa.

Mipangilio iliyojirudisha

Hapa ndipo wengi wanapona bila gharama, na ndipo mafundi wengi hawaangalii. Baada ya kusasisha, mipangilio ya BIOS huweza kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Laptopu za kiofisi ambazo wengi wetu tunazinunua zikiwa zimetumika, EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo, zina mipangilio mingi ya aina hiyo. HP za kiofisi zina mpangilio unaofanya feni izunguke wakati wote chaja ikiwa imechomekwa. Ukiona feni inanyamaza ukichomoa chaja na kuanza tena ukiirudisha, anza na huo: zima mashine, washa huku ukibonyeza F10, uutafute, uuzime. Dell wana programu yao ya kuchagua namna ya kupooza, kati ya kimya, baridi na kasi. IdeaPad na Legion za Lenovo nyingi hubadilisha hali kwa Fn na Q. Vidole vikigusa hapo bila kujua, mashine inaingia hali ya kasi na feni inapanda.

Ikiwa mipangilio iko sawa na bado inavuma, amsha upya kile kidhibiti kidogo. Zima kabisa, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa nusu dakika, kisha chomeka na uwashe. ThinkPad kadhaa zina kitundu chini cha kuingizia pini kwa kazi hiyohiyo. Kidhibiti kilichobaki na hali ya zamani baada ya programu mpya kuwekwa kinaweza kuamuru feni ovyo, na hatua hii haigusi faili hata moja.

"Ni sasisho tu, vumbi halihusiki"

Laptopu inaweza kuwa imejaa vumbi mwaka mzima bila mtu kujua, kwa sababu jedwali la zamani lilivumilia joto zaidi kabla ya kukuza kasi ya feni. Jedwali jipya halivumilii, na tatizo la siku nyingi likasikika siku moja.

Ukifungua kifuniko cha chini, usidanganywe na feni safi. Vumbi baya halikai kwenye mapanga. Liko pale feni inapopuliza, kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyo mwisho wa bomba la shaba, na hujikusanya likawa kipande kizima kama kitambaa cha sufi, kinachoweza kunyanyuliwa kwa kibano. Kupuliza kutoka nje hakukitoi. Hukirudisha ndani tu. Ondoa feni, kitoe. Kama huna budi kupuliza, zuia feni kwa kijiti isizunguke, maana kuzungushwa kupita kasi yake huharibu beringi, na usitumie kompresa ya kujazia matairi, ambayo hutoa hewa yenye unyevu.

Dawa ya kijivu kati ya prosesa na shaba hukauka kwa miaka. Ikibadilishwa, ya zamani isafishwe kwanza kwa spiriti ya isopropili, na mpya ipakwe kidogo. Kurundika hakuongezi ubaridi.

Feni mbovu, pedi za feni, friji

Feni inayosukuma hewa kwa kasi hutoa mvumo laini. Inayokufa hukwaruza, hugonga, au hulia ovyo hata ikienda polepole. Mvumo laini ulioanza siku ya sasisho si sababu ya kununua feni.

Pedi ya feni ya kuwekea laptopu hushusha nyuzi chache kama matundu ya chini yako wazi, na haisaidii chochote ikiwa mapezi yameziba. Kuiweka laptopu kwenye friji kunaleta umande ndani ya madabodi, na hapo ndipo uharibifu wa kweli unapoanza.

"Rudisha toleo la zamani, na usisasishe tena"

Watengenezaji hukosea, hilo lisifichwe. Januari 2018, baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre na Meltdown kutangazwa, Intel ilitoa marekebisho yaliyofanya baadhi ya kompyuta zijiwashe upya ovyo, na tarehe 22 ikawaambia wahusika wasimamishe kuyasambaza. Lakini udhaifu wenyewe ulikuwa wa kweli, na kinga yake ikaja kwa njia ileile ya masasisho.

Kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, weka namba ya mashine yako, usome maelezo ya matoleo yaliyofuata. Kasoro ya feni mara nyingi hurekebishwa katika toleo linalokuja, na huenda tayari limetoka. Kurudi nyuma kunawezekana kwa mashine nyingine, na nyingine hukataa kwa makusudi ili mwizi asirudishe udhaifu wa zamani. Kama yako inaruhusu na maelezo hayakatazi, rudi toleo moja, usiende mbali zaidi.

Kwa kwenda mbele au kurudi nyuma, simamisha kwanza BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, la sivyo mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao huna. Betri ijae na chaja ichomekwe, hasa mtaa wenye umeme wa kukatika. Na wakati BIOS inaandikwa, feni huweza kuvuma kwa kasi yake yote na skrini kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Ni kawaida. Anayeshtuka akabonyeza kitufe kuizima wakati huo ndiye anayeishia na mashine isiyowaka kabisa.

Ukisubiri toleo jipya na mashine inachemka kweli, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa prosesa nyingi hilo huzima ile kasi ya ziada inayopandishwa kwa volteji kubwa. Kazi za kawaida za ofisi hutaona tofauti kubwa, ila joto utaona limeshuka.

Na ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee karatasi yenye mambo manne: toleo la BIOS la sasa na lililotangulia, joto mashine ikiwa imewaka bila kazi, asilimia ya prosesa wakati huo, na kama kelele inakwisha chaja ikichomolewa. Akianza kwa kuomba flashi ya Windows kabla ya kuisoma, ichukue mashine yako utafute fundi mwingine.