Jinai haifi, lakini kwa nini dai la fedha hufa?

"Jinai haifi" ni msemo uliozoeleka, na wengi huuchukua kama unahusu kila aina ya kesi. Ndiyo maana mtu aliyemkopesha mwenzake fedha huifungia karatasi yenye sahihi kabatini, akiamini kwamba siku subira ikimwishia ataitoa na mahakama itamlipisha mdaiwa. Anafika mahakamani miaka minane baada ya deni kuiva. Karatasi ni halali, sahihi ni ya kweli, na mdaiwa mwenyewe hakani kwamba alizichukua fedha. Shauri linatupwa kabla ya shahidi hata mmoja kuapishwa. Limeletwa nje ya muda.

Hicho ndicho wanasheria wanachokiita ukomo wa muda. Kwa dai la mkataba, likiwemo deni la kawaida, Uingereza, Kenya na Tanzania hutoa miaka 6. Ufaransa hutoa 5 na Ujerumani 3, ingawa nchi hizo mbili zilikuwa zikitoa miaka 30 hadi zilipobadilisha sheria zao, Ujerumani mwaka 2002 na Ufaransa mwaka 2008. Kesi ya kuchafuliwa jina huwahi kufa: Uingereza na Kenya ni mwaka 1 tu. Dai la ardhi huvumiliwa zaidi, kwani Kenya na Tanzania hutoa miaka 12.

Kwa nini sheria imkinge mtu anayedaiwa kihalali? Jibu la haraka ni kwamba ushahidi huchakaa: mashahidi hufariki au husahau, na vitabu vya hesabu hutupwa. Ni kweli, lakini kwangu mimi halijagusa kiini. Mfikirie mtu aliyekopa, akalipa lote mwaka wa kwanza, kisha akaitupa risiti baada ya miaka kumi kwa sababu nyumba imejaa makaratasi. Mwaka wa ishirini mkopeshaji, au mrithi wake, anaibuka na karatasi ile ya mkopo. Mbele ya hakimu, mlipaji huyu na mdhulumaji wanafanana kabisa: wote wawili hawana risiti. Sheria haina macho ya kuwatenganisha, basi imechagua kuwafungia mlango wadai wote waliochelewa, hata wale wa haki, ili mlipaji asilazimike kutunza risiti mpaka kaburini.

Kuhesabu miaka namna hii si jambo la tangu enzi na enzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1275 haikutoa idadi ya miaka, ilitaja siku. Aliyedai haki ya ardhi kwa kutegemea ukoo wake hakuruhusiwa kurudi nyuma kupita kutawazwa kwa Mfalme Richard wa Kwanza, tarehe 3 Septemba 1189. Siku hiyo haikusogea. Kila mwaka uliopita uliongeza urefu wa kumbukumbu ambayo mahakama ilipaswa kuichimba, hadi ikazidi karne tatu. Miaka 6 ya madeni iliingia kwa sheria ya mwaka 1623, na nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza bado zinaitumia.

Wengi hukwama kwenye swali la saa inaanza lini. Kwa mkataba huanza siku ulipovunjwa. Kama mlikubaliana alipe mwisho wa Juni na hakulipa, hesabu inaanza hapo, si siku aliyopokea fedha. Msipoweka tarehe kuna mtego: kwa kanuni ya zamani ya mahakama za Kiingereza, mkopo usio na siku ya kulipwa ulihesabiwa umeiva siku ile ile ulipotolewa. Kwa hiyo mkopeshaji mpole aliyesema "utalipa ukipata" alikuwa akijipunguzia muda bila kujua. Uingereza iliirekebisha kanuni hiyo mwaka 1980 kwa mikopo ya namna hiyo.

Saa inaweza pia kuanza kabla mtu hajajua kwamba ameumizwa. Wafanyakazi wa kiwanda cha chuma nchini Uingereza walivuta vumbi kwa miaka mingi, na mapafu yao yakaharibika kimyakimya. Walipofungua kesi, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua mwaka 1963 kwamba muda ulianza mapafu yalipodhurika, hata kama hakuna daktari ambaye angeweza kuona dhara wakati ule. Haki yao ilikufa kabla hawajajua kwamba wanayo. Bunge liliona aibu hiyo na kubadilisha sheria mwaka huo huo.

Je, barua ya wakili husimamisha saa? Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, hapana, hata ziwe kumi zenye mihuri. Mazungumzo ya "subiri kidogo tutamaliza" hayasimamishi pia. Ujerumani ndiko mazungumzo ya kweli husitisha hesabu. Katika mfumo wa Kiingereza, kinachoirudisha saa mwanzo ni mdaiwa mwenyewe kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au kulipa sehemu, ilimradi muda haujaisha. Mdaiwa anayetuma fedha kidogo kumpoza mdai huwa amempa miaka 6 mingine.

Halafu nani aseme kwamba muda umekwisha? Ufaransa na Ujerumani jaji hawezi kuliibua jambo hilo mwenyewe. Mdaiwa asipojitetea kwalo, kesi inaendelea. Tanzania sheria inaitaka mahakama ilitupe shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakusema lolote.

Hata hivyo, kinachokufa kwa kawaida ni njia ya kwenda mahakamani. Deni hubaki deni. Ujerumani na Ufaransa, mdaiwa akilipa baada ya muda kupita, kisha akagundua kwamba asingeweza kulazimishwa, hawezi kuzidai fedha zake kwa hoja hiyo.