Je, wajua kwa nini bibi halali mapema tangu apate simu ya kupangusa?

Saa tano usiku huku Kibosho, juu ya Moshi, taa zimezimwa lakini uso wa bibi yangu unang'aa. Kidole gumba chake kimekauka kwa miaka mingi ya kuchuma kahawa, na kioo cha simu hakikisikii vizuri kidole kikavu. Basi kila baada ya video mbili tatu anakilamba, kama anayehesabu noti, kisha anapandisha. Kwaya. Ng'ombe na ndama wake. Mama anapika mtori.

"Bibi, lala."

"Hii moja tu, mjukuu wangu."

Haiwi moja, maana gazeti lina ukurasa wa mwisho, video hizi hazina. Programu kama TikTok inaangalia umekaa kwenye video ipi na umeruka ipi. Bibi akimaliza kwaya moja, kesho kwaya zinamiminika. Tena hajui inayofuata itakuwa tamu au chapwa. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliliona hilo kwa njiwa: anayepata punje mara mojamoja bila mpangilio hudonoa bila kuchoka.

Hapo hata kijana ananasa. Kwa mzee kuna la ziada. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwamba mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi, huchagua kinachogusa moyo sasa hivi, na wazee huelekea zaidi kwenye mambo ya kufurahisha. Kwaya ya nusu dakika inamfaa kabisa, hasa nyumba ikiwa kimya na watoto wote wako Dar mpaka Desemba.

Je, inamjenga au inambomoa? Kwa ninavyomwona, inategemea video inamfikisha kwa nani. Ile ya mtori aliituma kwa mdogo wake aliyeko Arusha. Akajibiwa kwa sauti kwamba huo si mtori, ni uji wa ndizi! Wakapigiana, wakabishana, wakacheka mpaka bando likakata. Usiku ule alilala saa tatu.

Kilichoniogopesha ni video iliyosema tangawizi inatosha, dawa za presha ziachwe. Alikuwa ameanza kuziruka. Sikumnyang'anya simu, niliketi naye, tukaenda kupima, akaiona namba mwenyewe. Siku hizi akikutana na tiba ya namna hiyo ananitumia kwanza, na neno moja tu: "Kweli?"